Njia ya Pugu Ifunguliwe kwa Wote



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala kuhusu tozo. Naandika kuhusu mbio. Najua kuna wenzangu watasema huyu binti kaishiwa hoja, lakini naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lililonifanya nikae chini niandike lilinikuta nikiwa nimevaa raba, jasho linanitoka, na sina hata karatasi moja mfukoni.

Jumamosi moja tulikuwa vijana kumi na mmoja wa tawi letu. Tulianzia Gongo la Mboto saa 12 asubuhi, tunapandisha vilima vya Pugu kwenda Kisarawe. Sita kati yetu tulivaa fulana za chama. Sio kwa sababu ya siasa, kusema kweli, ila kwa sababu hizo ndizo fulana tulizonazo. Mwanafunzi anayesubiri boom hanunui fulana ya mazoezi kama anayo ya kupewa bure. Njiani tukasimamishwa na askari wawili.

"Mnaandamana kwenda wapi?"

"Hatuandamani, afande. Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi gani na fulana hizi? Kibali kiko wapi?"

Mwenzetu mmoja akaanza kucheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Tukaambiwa tuchague: tuvue fulana tuendelee, au turudi tulikotoka. Wanaume wakavua. Mimi na dada mwenzangu tukabaki tunaangaliana. Nikaenda nyuma ya mkorosho, nikaigeuza yangu nje ndani, lakini maandishi yakawa bado yanasomeka kwa kinyume. Afande akaniangalia, akatikisa kichwa. "Binti, rudi nyumbani." Hakunitukana, hakunigusa, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuipenda kazi ile. Tukageuka wote kumi na mmoja.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye daladala, barabara ile ile. Tukasimama kama dakika kumi hivi kupisha kundi la watu zaidi ya mia moja, fulana za rangi nyingine, gari la spika mbele, askari wakizuia magari ili wapite salama. Watu walikuwa wanafurahi kweli. Konda akasema, "Hao wana mchakamchaka wao." Abiria wakacheka.

Sikasiriki kwamba wale walisindikizwa. Nataka hilo lieleweke vizuri. Mtu anayekimbia barabarani asubuhi anastahili kulindwa na askari, hata kama fulana yake siipendi. Ninachouliza ni hiki: njia ya Pugu ni ya nani?

Maana hii sio njia yoyote tu. Wengi wetu tunaipita kila siku bila kujua tunapita wapi. Barabara ya Nyerere, ile inayotoka mjini kupitia Uwanja wa Ndege kwenda Gongo la Mboto, zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Waliobadilisha jina walikuwa na sababu. Mwalimu Julius Nyerere, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha Pugu, Chuo cha Mtakatifu Francis, ambacho leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Alikuwa na shahada, na mshahara wa ualimu. Mwaka 1953 akachaguliwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Na siku za mapumziko, wazee wa mji huu wanasimulia, mwalimu yule alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Pugu kwenda mjini kwenye vikao na kurudi. Zaidi ya kilomita ishirini kwenda peke yake. Hakuna gari, hakuna posho, hakuna gari la spika.

Sasa angalieni hali ya sheria ilivyokuwa wakati huo. Mwaka 1953 serikali ya mkoloni ilitoa waraka uliokataza watumishi wake wasijihusishe na chama cha siasa. Shule ya Pugu ilikuwa ya misheni, kwa hiyo Mwalimu hakuwa mtumishi wa serikali, lakini shinikizo lilimfikia hapo hapo. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mwaka 1955 ikabidi achague: chaki au chama. Akaacha kazi. Huko Usukumani TANU ilizuiwa kabisa kufanya shughuli zake tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Kwa maneno mengine, mtu anayesifiwa leo na kila serikali alikuwa, miaka ile, mtu wa upinzani anayetembea kwa miguu kwenye barabara ya vumbi, na waliokuwa madarakani walitamani arudi nyumbani.

Simwiti Nyerere wa kwetu. Kuna tabia, hata ndani ya chama chetu, ya kumnyakua Mwalimu tunapomhitaji na kumsahau anapotusema. Yule mwalimu wa Pugu ni wa kila mtu, na ndiyo maana njia yake nayo inapaswa kuwa ya kila mtu.

Kwa ambao hamjawahi kuikimbia, niwaelezee.

Ukitoka Gongo la Mboto unakuwa bado mjini. Boda zinakupigia honi, mama wa chapati anakusalimia, moshi wa daladala unakuingia kooni. Gongo la Mboto yenyewe ina historia yake. Wakubwa zetu hawajasahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na watu wakakimbia bila kujua wanakimbilia wapi. Ukipandisha zaidi unafika kwenye eneo la mnada wa ng'ombe. Harufu yake huhitaji kuelekezwa. Na upepo ukitokea upande wa Kinyamwezi unajua pia kwamba taka zote za Dar es Salaam zina mahali zinapoishia. Hapa wakimbiaji wengi wapya huwa wanageuka. Msigeuke. Vumilieni kilomita hizo chache.

Baada ya Kajiungeni, ukishika njia ya Kisarawe, hewa inabadilika. Kweli kabisa, unaisikia kwenye ngozi. Kuna mikorosho, miembe, mashamba ya mihogo, halafu msitu unaanza. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ile iliyowahi kutanda kwa ukubwa na sasa imebaki vipande vipande. Ndani yake wanaishi viumbe ambao ukiwakosa hapo huna pa kuwatafuta isipokuwa sehemu chache mno za Tanzania hii hii. Mmoja ni komba mdogo aitwaye komba wa Rondo, mnyama wa usiku ambaye hayupo nchi nyingine yoyote duniani. Mimi sijawahi kumwona, yeye analala wakati mimi nakimbia. Ngedere ndio tunaoonana nao kila wiki, na hawana adabu.

Shule yenyewe ipo pale kileleni. Rais Mkapa alisoma hapo. Ukiendelea upande wa Kisarawe kuna Minaki, ambayo nayo ilikuwa chuo cha misheni, cha Waanglikana, Mtakatifu Andrea. Yaani kwenye kilima kimoja, umbali wa mbio za asubuhi, palikuwa na shule mbili zilizotoa sehemu kubwa ya wasomi wa kwanza wa Tanganyika. Vijana wa Kizaramo waliokuwa wanalima chini ya kilima waliwaona wakipita na vitabu. Sijui kama walikaribishwa ndani kwa wingi. Hilo ni swali la siku nyingine.

Kabla ya shule kulikuwa na misheni ya kwanza. Wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Kijerumani, misheni ikashambuliwa na kuchomwa, baadhi yao wakauawa. Leo pana kituo cha hija. Mahujaji wanapanda kilima kwa miguu wakisali. Mimi hupunguza mwendo nikipita hapo, sio kwa sababu nawahurumia Wajerumani kuliko watu wa Abushiri, bali kwa sababu pande zote mbili zilizika watu, na upande mmoja tu ndio wenye makaburi yanayojulikana.

Halafu kuna mapango. Mapango ya Pugu sio ya asili, ni mahandaki yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe unaotengenezea vyombo vya kauri. Mgodi ulikufa, wakahamia popo. Jioni wanatoka kwa maelfu, kama moshi. Ukisimama sehemu zilizo wazi asubuhi isiyo na ukungu, unayaona maghorofa ya mjini kwa mbali, madogo kama viberiti. Pale ndipo mimi hukaa kunywa maji. Mwenzetu mmoja, kijana wa Ukonga aliyekulia kilomita chache tu kutoka hapo, alifika mara ya kwanza akiwa na miaka 24. Aliniambia, "Dada, mimi nilijua huku ni dampo tu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko hata ya afande.

Sasa mimi nasoma sheria mwaka wa tatu, kwa hiyo mnisamehe nikianza kutaja vifungu. Nilirudi hosteli siku ile na hasira, na hasira ya mwanafunzi wa sheria inaishia maktaba.

Swali la kwanza: je, watu kumi na mmoja wanaokimbia wakiwa na fulana zinazofanana ni maandamano? Tuchukulie kwamba ni maandamano, kwa kumsaidia afande. Hata hivyo neno "kibali" limekosewa. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba masharti ya kuomba kibali ili watu wakusanyike kwa amani yanakiuka Katiba. Tangu hapo lugha ya sheria ni taarifa. Unalitaarifu jeshi la polisi saa 48 kabla. Polisi wanaweza kuzuia wakiwa na sababu za kiusalama, sawa, lakini mwenye kutoa sababu ni wao, sio wewe kuomba. Tofauti ya kibali na taarifa inaonekana ndogo ukiwa darasani. Ukiwa barabarani na fulana imegeuzwa nje ndani, ni tofauti ya mtu anayeomba ruhusa na raia. Tulipitia miaka ya katazo la mikutano ya hadhara, 2016 mpaka Januari 2023, na naona kuna askari wengi walioanza kazi katika miaka hiyo ambao wanadhani katazo ndio sheria ya kawaida. Wasilaumiwe wao peke yao. Nani amewafundisha vingine?

Na mimi bado nasema kukimbia sio maandamano. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda kokote ndani ya nchi. Haisemi kwa mwendo gani.

Swali la pili lilinishangaza zaidi: je, historia ya njia hii inalindwa na nani? Nikafungua Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo na mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Ndiyo maana magofu ya Kaole kule Bagamoyo yana kibao na mlinzi. Kitu cha baada ya 1863 kinasubiri Waziri akitangaze. Fikirieni maana yake. Vita vya Abushiri, vya 1888 na 1889, vimechelewa. Maji Maji, 1905, imechelewa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1905 na kupita kwenye vilima hivi hivi vya Pugu, imechelewa. TANU yenyewe, na uhuru wote wa nchi hii, vimechelewa karibu miaka mia. Sheria iliyotungwa miaka mitatu tu baada ya uhuru haikuona kwamba uhuru nao utageuka kuwa mambo ya kale. Siwalaumu waliotunga, mwaka 1964 nyayo za Mwalimu zilikuwa bado mbichi. Nawalaumu wanaoiacha hivyo leo, huku kila Oktoba wanatoa hotuba.

Swali la tatu ndilo lenye dawa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, ina sehemu inayohusu haki za kupita. Humo Waziri amepewa mamlaka ya kuanzisha njia za umma, na ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni ile ya nguzo, nyaya na mabomba. Hiyo tunaijua wote: ukipata alama ya rangi nyekundu ukutani unajua bomba au umeme unakuja. Aina ya pili ni njia kwa ajili ya wananchi kupita. Na maombi ya aina hii ya pili hayasubiri mkubwa apate ndoto usiku; yanaweza kuanzia halmashauri, na yanaweza kuanzia kwa kikundi cha watu.

Nilisoma mara tatu. Kikundi cha watu. Yaani sisi.

Aina ya kwanza nchi imeitumia kila kona. Ya pili sijawahi kuona kibao chake popote nilipokimbia.

Ndani ya msitu wenyewe mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu ardhi ya hifadhi ina sheria yake. Pugu na Kazimzumbwi sasa ina hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kila msitu wa hifadhi uwe na mpango wa usimamizi. Hapo ndipo pa kupenyeza hoja: mpango huo utaje njia ya wakimbiaji na watembea kwa miguu, uonyeshe inapopita, muda wa kufunguliwa, na kiingilio cha mwananchi wa kawaida kiwe kile ambacho muuza karanga wa Gongo la Mboto anaweza kulipa bila kufikiria mara mbili.

Niseme wazi kuhusu kiingilio maana hapa najua nitatofautiana na wenzangu. Mimi sisemi bure kabisa. Msitu ule unakatwa. Mkaa wa Dar es Salaam unatoka mahali, na ukikimbia alfajiri unakutana na baiskeli zenye magunia zikitokea njia za pembeni, na wenye baiskeli hawakuangalii usoni. Askari wa misitu ni wachache. Nimekaa na mmoja wao getini, mzee mtaratibu sana, akaniambia, "Mwanangu, nyie mkipita kila Jumamosi mnanisaidia kuliko pikipiki niliyoomba. Mkata mkaa hapendi kuonekana." Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Sasa nitailindaje sehemu nisiyoruhusiwa kuingia, au ninayoingia mara moja kwa mwaka siku ya marathoni?

Kuhusu marathoni. Zimekuwa nyingi, na sio mbaya. Zimewafanya watu wa ofisini wanunue raba. Lakini zinafungua njia kwa asubuhi moja, kwa aliyelipia namba ya kifuani, halafu kamba inafungwa tena. Mama yangu aliniuliza, "Kwani mnalipa hela ili mkimbie? Si mkimbilie hapa mtaani?" Sikuwa na jibu zuri.

Huko maktaba nilikutana pia na kisa cha Uingereza, na kwa kuwa kinatuhusu sisi vijana wa chama nitakieleza kidogo. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima unaoitwa Kinder Scout. Mlima ulikuwa chini ya wenye ardhi waliouweka kwa ajili ya kuwinda ndege, na mtu wa kiwandani hakuruhusiwa kukanyaga. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20 na alikuwa mkomunisti. Wakasukumana na walinzi. Vijana sita wakakamatwa, watano wakafungwa, kati ya miezi miwili na sita.

Mwanafunzi wa sheria ataona kitu hapo. Kukanyaga ardhi ya mtu halikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo hawakushtakiwa kwa kutembea. Walishtakiwa kwa kukusanyika isivyo halali na kuvuruga amani. Nilipofika mstari huo nikamkumbuka afande na "mnaandamana kwenda wapi".

Mwaka 1949 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hifadhi za taifa na wananchi kufika mashambani. Mwaka 1951 eneo lenye mlima ule likawa ndani ya hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo. Mwaka 2000 ikaja sheria iliyompa mwananchi haki ya kutembea kwenye ardhi za namna ile bila kuomba mtu. Miaka 68 tangu watoto wale wafungwe. Siwaleti Waingereza hapa kama walimu wetu; ni wao hao waliotangaza misitu ya Tanganyika kuwa hifadhi na kuwafukuza wenyeji humo. Nawaleta kwa sababu waliolipa gharama walikuwa vijana wa rika letu, na walichokuwa wanadai kilionekana kitu kidogo mno. Kutembea Jumapili.

Kuna hoja ya mwenyekiti wangu wa tawi, kaka ninayemheshimu, aliyeniambia: "Dada, watu hawana maji, wewe unadai njia ya kukimbilia?" Ni hoja nzito na nimeilala nayo. Jibu langu ni kwamba sijaona serikali hata moja iliyoleta maji kwa sababu wananchi waliacha kudai kitu kingine. Na nimeona kwamba vijana wa tawi letu wanaokuja kikao cha Jumatano ni saba, na wanaokuja kukimbia Jumamosi wamefika mpaka kumi na tisa, wakiwemo wasio na kadi ya chama chochote. Tunaongea njiani. Mambo ya maji tunayaongea huko huko, tukipandisha mlima, pumzi zikiwa zinakatika.

Na kuna suala ambalo wanaume wa kundi hawakuliona mpaka tulipowaambia. Mimi msituni peke yangu siendi. Hata dada zangu siwashauri. Mama anaita njia ile "huko porini kwenu" na nikichelewa kurudi anapiga simu mara tano. Lakini woga wa mama hautaondolewa na geti lililofungwa. Njia iliyofungwa inabaki na watu wa magunia tu. Njia yenye kibao kila kilomita, yenye namba ya simu ya askari wa misitu, yenye watu wanaojulikana kupita saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, hiyo mwanamke anaweza kuikimbia. Hata mtoto wa shule anaweza kuitembea na mwalimu wake akaonyeshwa alipofundisha mwalimu mwingine.

Kwa hiyo tumeanza. Mimi na wenzangu wawili wa kitivo tumeandika rasimu ya maombi ya njia ya umma, kutoka Kajiungeni kupita shuleni na kituo cha hija mpaka ukingo wa msitu. Pamoja nayo kuna barua kwa wasimamizi wa hifadhi kuhusu kipande cha ndani, na barua ya tatu kwa Waziri anayehusika na mambo ya kale, ya kuomba njia ya Mwalimu itangazwe pamoja na majengo ya shule ya enzi zake. Maombi hayatatoka kwa jina la chama. Nimebishana sana kuhusu hilo, na nimeshinda kwa kura tano kwa nne. Yatatoka kwa jina la kikundi cha wakimbiaji, na yeyote anayekimbia anaweza kusaini, hata wale mia moja waliosindikizwa. Nimeshawatumia ujumbe wawili ninaowafahamu. Mmoja amejibu kwa alama ya dole gumba. Nimechukulia kwamba ni ndiyo.

Bado tunahitaji vitu vitatu. Mtu mwenye ujuzi wa ramani, kwa sababu mchoro wangu unafanana na mchoro wa mtoto wa chekechea. Wazee wa Pugu na Kisarawe wanaokumbuka njia ya miguu ilipita wapi kabla ya lami, maana nina wasiwasi kwamba Mwalimu alikuwa na njia za mkato ambazo sisi hatuzijui. Na sahihi nyingi za wakazi wanaoishi kando ya njia, kwa sababu bila wao sisi ni wageni wa mjini tu tunaopita na chupa za maji. Kama babu au bibi yako anaishi maeneo hayo, mpigie leo.

Tunakutana Jumamosi Kajiungeni, saa 12 asubuhi kamili. Taarifa kwa polisi tumeshapeleka, saa 48 kabla, nakala yenye mhuri ninayo mimi mfukoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe jasho. Vaeni fulana ya rangi yoyote.